Mbuzi Bosi na Posa ya Ilomba

Nitasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa rafiki yangu Kikoti, maana Kikoti akisimulia jambo hili hutia chumvi na kudai kwamba nilikuwa nimevaa kandambili, na siku ile sikuvaa kandambili, nilivaa suti ya kijivu na viatu vilivyopigwa rangi tangu jana yake. Ni kweli niliingia kwenye msiba wa watu kule Ilomba, Mbeya, saa nane mchana, nikiimba. Ni kweli dada yangu alikuwa nyuma yangu anapiga vigelegele. Na ni kweli kwamba mwanzo wa yote ni mbuzi, tena si mbuzi wa kuchoma, ni mbuzi wa kuchorwa. Nina miaka sabini na miwili, nilisoma mpaka kidato cha nne enzi ambazo kidato cha nne kilikuwa kitu, nilikuwa karani wa stoo miaka na miaka bila kupoteza hata pakiti ya misumari, halafu nikaja kuangushwa na mbuzi mwenye tai.

Kwa wale ambao hamkumjua (ingawa sijui mlikuwa mnaishi wapi), Mbuzi Bosi alianza kama mlio wa simu tu. Sio ule unaolia mfukoni mwako, hapana, ni ule anaousikia mtu anayekupigia wakati anasubiri upokee. Badala ya kusikia ule mlio wa kawaida alikuwa anasikia mbuzi anasafisha koo, halafu mbuzi huyo anasema kwa sauti ya mkubwa wa ofisi aliyeshiba, "Meee. Bosi hayupo. Bosi anakula. Piga kesho, na kesho bosi amelala." Kisha anacheka, kicheko kirefu cha kimbuzi kinachoishia kwenye kikohozi. Ndiyo hivyo tu, hakuna kingine. Ukisimuliwa hivi unaona hakuna cha kuchekesha, na mimi nilisema hivyo hivyo kwa muda mrefu, tena kwa sauti.

Walianza vijana wa bodaboda hapa Kihesa, Iringa. Baada ya mwezi mmoja kila unayempigia ni mbuzi: fundi bomba mbuzi, muuza mkaa mbuzi, yule dada wa zahanati ambaye unampigia ukiwa na homa, mbuzi. Halafu ikatokea picha yake, mbuzi mnene kwenye kiti cha kuzunguka, shati jeupe, tai nyekundu inafika magotini, miwani imekaa kwenye ncha ya pua, na hapo ndipo mji ulipotekwa kabisa. Akabandikwa nyuma ya bajaji, akachorwa mlangoni kwa kinyozi, akatokea kwenye mabegi ya shule, kwenye fulana, kwenye keki za ubarikio. Mama mmoja anayeuza nyanya sokoni alikuwa naye kwenye aproni, mbuzi amekaa tumboni kwake ananitazama wakati nachagua nyanya. Ukimtuma mtoto dukani anakujibu kwamba bosi amelala. Nilichoka. Siku moja kwenye jumuiya yetu nilisimama nikaongea karibu robo saa kuhusu mbuzi huyu, jinsi anavyofundisha watoto uvivu na uongo, na wazee wenzangu wakatikisa vichwa kukubali, na mwenyekiti akasema mzee Luvanda amesema neno zito.

Sasa hapo ndipo aibu yangu ya kwanza, maana wiki mbili tu baadaye na mimi nilikuwa naye.

Nieleze ilivyokuwa. Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita, na nyumba yenye mtu mmoja ina ukimya wake. Watoto wako mbali, wanapiga, lakini wanapiga kama watu wanaojaza fomu: umeamkaje baba, umekula, haya baba. Sasa siku hiyo nilimpigia Kikoti (ni rafiki yangu tangu tukiwa shule, nyumba ya nne kutoka kwangu), nikakutana na mbuzi. Kikoti, mtu mzima mwenye wajukuu. Nikakasirika. Halafu mbuzi akafika pale kwenye kikohozi na mimi nikacheka, peke yangu, nimesimama jikoni na mwiko mkononi, nikacheka mpaka ugali ukaungua. Kikoti akapokea, nikamkatia, nikampigia tena ili nimsikie mbuzi.

Kesho yake ikaingia simu ya yule mama wa kwenye mashine, anasema ukitaka mlio wa Mbuzi Bosi bonyeza moja. Nikabonyeza moja. Hayo ndiyo maamuzi yote niliyofanya, kidole kimoja, kwenye kiswaswadu changu ambacho hakina hata kamera.

Na lazima niseme ukweli, nilifurahi. Watoto wangu walianza kupiga ili wasikie. Wajukuu wanapiga, wanacheka, wanakata, wanapiga tena, mara moja moja wananisalimia. Yule mama wa nyanya akaniita Babu Bosi mbele ya watu na sikumkemea. Kwenye jumuiya walinitazama kwa jicho fulani, lakini hakuna aliyesema kitu, kwa sababu nadhani nusu yao walikuwa naye pia.

Katikati ya mambo hayo Festo akapata mchumba. Festo ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, mimi ndiye baba yake mkubwa na ndiye niliyebaki, anafanya kazi kwenye misitu ya mbao kule Mafinga, kambi ya ndani kabisa ambako mtandao unapatikana ukipanda kilima. Binti anaitwa Atupele, mwalimu, kwao ni Ilomba. Kijana mpole, binti mwenye adabu, umri wa Festo umekwenda, tulishakata tamaa naye. Familia ikakaa ikasema mshenga awe mimi, kwa kuwa nilishapeleka posa nne maishani na zote zilijibiwa vizuri. Nilijisikia mtu.

Dada yangu Yustina, ambaye ndiye shangazi wa Festo na ndiye mwenye kauli katika ukoo wetu hata kama tunajifanya siyo, alinifuata nyumbani.

"Kaka, huyo mbuzi atoke."

"Mbuzi gani?"

"Kaka."

"Nitamtoa."

"Wale ni wakwe. Mtu anapiga kwa heshima anakutana na mnyama."

Nikamtoa, siku hiyo hiyo, mbele yake. Tukaenda Mbeya safari ya kwanza, mimi, Yustina na Kikoti, tukapeleka barua, tukapokelewa vizuri mno. Baba wa binti, Mzee Mwakalobo, ni mtu wa maneno machache, fundi uashi mstaafu, mikono kama majembe. Mshenga wa upande wao ni Mzee Anyosisye, mrefu, mwembamba, masikio yamechoka, kwa hiyo simu yake anaongea kwa spika, anaishika mbele ya mdomo kama kipande cha mkate. Alikuwepo pia bibi wa binti, mama yake Mwakalobo, mzee sana, alinishika mkono akaniambia kwamba wao baridi yao inaingia mifupani na kwamba mtu akija kumchukua mjukuu wake aje na blanketi la kweli, sio haya ya siku hizi ambayo unaona mwanga upande wa pili. Tukacheka. Wakasema turudi baada ya wiki tatu, siku ya Jumamosi, kusikiliza jibu. Kila dalili ilikuwa njema.

Nikarudi Kihesa. Simu ikanyamaza. Siku tatu, nne, watoto wakapiga mara moja wakasema, "Aa, baba umemtoa," kama vile nimewanyima kitu, na baada ya hapo kimya. Nikajiambia, wiki tatu ni nyingi, nimrudishe kidogo, Ijumaa kabla ya safari nitamtoa. Sikumwambia Yustina. Nikabonyeza moja.

Ijumaa ilipofika nilikuwa napiga viatu rangi na kupasi suti, nikasahau. Sina la kuongeza hapo. Nilisahau.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tukapanda basi. Yustina amebeba lile blanketi, zito, jekundu, bado liko ndani ya nailoni yake. Simu nimeiweka isilie, itetemeke tu, kwa sababu sipendi watu wanaoongea na simu ndani ya basi. Kabla hatujafika Mafinga ikatetemeka. Nikaitoa nikatazama: Mzee Anyosisye. Nikairudisha mfukoni.

Hapa inabidi mnielewe, na kama hamtanielewa basi, kwa sababu hata mimi siku hizi najielewa kwa shida. Kazi ya ushenga ina mbinu zake. Mpaka jibu litoke, familia mbili hazipigiani simu, neno lote linapita kwa washenga, namba waliyonayo wao ni yangu na niliyonayo mimi ni ya Anyosisye, mwisho. Na siku ambayo wageni wako njiani, upande wa binti huwa wanakumbuka vitu. Wanapiga: jamani tulisahau, kuna koti la babu, kuna jembe la mjomba, kuna shuka la shangazi aliyemlea. Ukipokea utaambiwa, na ukiambiwa huwezi kufika mikono mitupu. Mimi nilifundishwa na mjomba wangu kwamba siku ya safari mshenga hapokei. Unafika, unakaa, unaongea uso kwa uso, na yale madogo yanasahaulika. Posa zangu zote nne nilifanya hivyo.

"Simu yako inanguruma hiyo," akasema Kikoti.

"Najua."

"Si upokee?"

"Ni Anyosisye."

"Ndiyo upokee sasa."

"Kikoti, umewahi kuwa mshenga?"

"Sijawahi."

"Basi tazama dirishani."

Makambako ikatetemeka mara mbili. Nikamwonyesha Yustina jina kwenye kioo, nikatabasamu, nikamwambia hiyo ya kwanza ilikuwa jembe na hii ni koti. Yustina hakutabasamu. Akasema, "Kaka, mtu hapigi mara tatu kwa ajili ya koti." Nikamwambia wenzetu hawa wakishika jambo hawaachii. Igawa ikatetemeka. Chimala ikatetemeka, ikakatika, ikatetemeka tena papo hapo. Kusema kweli pale Chimala nilipata wasiwasi, kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kijani kabisa. Lakini nilikuwa nimeshamwambia Kikoti atazame dirishani, na mtu akishajifanya mjuzi mbele ya Kikoti hawezi kurudi nyuma kirahisi, Kikoti atakukumbusha miaka kumi. Nikairudisha mfukoni. Baada ya hapo ikatetemeka mara moja nyingine karibu na Uyole, kisha ikatulia, na mimi nikasema, mnaona, wamechoka.

Tulishuka stendi, Yustina akaingia chooni kubadilisha nguo akatoka na kitenge kipya cha njano kinachoumiza macho, tukapanda bajaji mpaka Ilomba. Tulipokata kona ya kwao tukaona turubai.

"Kaka, mbona watu wengi hivi?" akauliza Yustina.

"Wanatupokea kwa heshima."

"Kwa jibu tu?"

"Watu wa Mbeya wanajua kupokea wageni," nikasema.

Kikoti akasema, "Hawa kina mama mbona wamejifunga khanga viunoni na hakuna anayecheka?"

"Wamechoka kupika."

Nilikuwa na jibu la kila kitu siku ile. Nikateremka, nikanyoosha koti, na kwa kuwa waliokuja kusikia jibu jema huingia kwa wimbo, nikaanzisha: "Tumekuja, tumekuja, tumekuja kwa amani, ua letu liko ndani." Sauti yangu si mbaya, niliwahi kuimba kwaya. Yustina akadakia, blanketi kichwani, vigelegele. Tukapita katikati ya viti vya plastiki, watu wanatupisha njia, na nilifika kwenye "ua letu liko ndani" mara ya pili ndipo nikaona meza ndogo yenye kitambaa cheupe na juu yake picha ya bibi.

Yule bibi wa blanketi.

Sijui kama mmewahi kusikia kigelegele kikikatika katikati. Sauti yake ni kama ya kuku aliyekanyagwa. Wanawake waliokuwa wanalia ndani walinyamaza kutusikiliza, wanaume waliokuwa wameketi wakabaki wameketi, na sisi watatu tumesimama katikati, njano na nyekundu na suti, kama watu walioletwa kuonyeshwa.

Mzee Anyosisye akanyanyuka taratibu kwenye kiti akaja mpaka mbele yangu.

"Kamwene, Mzee Luvanda," akanisalimia kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene, baba."

"Mmekuja."

"Tumekuja. Poleni sana, mzee. Poleni sana. Hatukuwa na habari."

"Hamkuwa na habari," akasema, na akageuka kuwatazama wazee wenzake waliokuwa wameketi, kisha akanirudia mimi. "Bibi ametutoka alfajiri. Nilikupigia kabla ya kumpigia padri. Nimekupigia mara saba. Habari kama hii hatuiandiki kwenye meseji kwa wakwe, unajua mwenyewe, nikasema nitapiga mpaka apokee."

Sasa hapo mtu mwenye akili angesema: nisamehe, niliona, sikupokea. Maneno matatu. Mimi nikasema, "Ni mtandao, mzee wangu. Ile njia ina milima."

"Mtandao ulikuwepo. Kuna mtu alikuwa ananijibu."

"Nani?"

"Mbuzi."

Nilisikia Kikoti nyuma yangu akivuta pumzi. Ndipo nilipokumbuka kwamba Ijumaa sikumtoa. Na bado, jamani, bado sikusema ukweli. Nikasema, "Labda ulikosea namba, mzee. Mimi ni mtu mzima, mbuzi wa nini kwenye simu yangu?"

Mzee Mwakalobo alikuwa ameketi kando ya meza ya picha. Akasema bila kunyanyua kichwa, "Piga tena tusikie."

Anyosisye akaitoa simu yake, akaishika mbele ya mdomo kama kawaida yake, kwa spika, na ndipo nikaelewa kwamba zile mara saba zote alipiga hivyo hivyo, mbele ya wafiwa wote, asubuhi nzima. Kifuani mwangu, ndani ya koti, kukaanza kutetemeka. Na mkononi mwake mbuzi akasafisha koo.

"Meee. Bosi hayupo. Bosi anakula. Piga kesho, na kesho bosi amelala."

Mtoto mmoja akasema kwa furaha, "Mama, Mbuzi Bosi," na mama yake akamziba mdomo. Mbuzi akaanza kucheka. Kile kicheko ni kirefu, niliwaambia, na pale msibani kilikuwa kirefu zaidi, na Anyosisye hajui kitufe cha kukatia kiko wapi mpaka avae miwani, kwa hiyo akawa anapapasa mifuko anatafuta miwani na mbuzi anaendelea. Kijana mmoja kwenye kuni akashindwa, akatoka mbio akaenda kucheka nyuma ya nyumba, tukamsikia wote. Halafu mwingine. Halafu mbuzi alipofika kwenye kikohozi, Mzee Mwakalobo mwenyewe mabega yakaanza kucheza. Akacheka. Akainamia magoti anacheka bila sauti, na kabla sijajua nifurahi au nifanye nini, kicheko kikawa kilio, analia kama mtoto, anamwita mama yake kwa Kinyakyusa, na watu wakamkimbilia. Baadaye niliambiwa kwamba tangu alfajiri hakuwa ametoa hata chozi na walikuwa na hofu naye. Wengine walisema mbuzi alimsaidia. Mimi sijui, yeye mwenyewe hakuwahi kusema, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Yustina akafungua khanga kutoka kwenye mkoba akaifunga juu ya kile kitenge cha njano, akaingia ndani kwa wanawake na blanketi lake. Lilitumika. Walimfunika nalo bibi juu ya sanda, hayo aliniambia yeye, na aliniambia akiwa hanitazami.

Tulikaa msibani. Hatukuambiwa tuondoke na hatukuambiwa tubaki. Kikoti alipasua kuni, na mimi nikakaa kwenye kiti cha pembeni, kila kijana anayepita akimnong'onea mwenzake kitu. Festo alifika Jumapili asubuhi. Atupele alikuwa amempigia tangu alfajiri ya Jumamosi, lakini alikuwa ndani ya msitu na zile simu aliziona jioni alipopanda kilima. Alikuja na vumbi la mbao kwenye nywele, hakunisalimia kwanza, alichukua koleo akaenda makaburini na wenzake. Baadaye alikuja akachuchumaa karibu na kiti changu.

"Baba mkubwa."

"Naam, mwanangu."

"Ungepokea hata moja."

Akanyanyuka akaondoka. Mpaka leo hajasema zaidi ya hapo, na laiti angesema zaidi, angenitukana hata kidogo.

Baada ya mazishi Mzee Mwakalobo alituita ndani, sisi watatu na Anyosisye. Macho yamevimba, sauti imekauka. Akasema, "Jibu tulikuwa nalo. Mama ndiye angelitoa, alilisubiri wiki tatu. Sasa hatuwezi kuongea harusi na kaburi halijakauka. Kijana sina neno naye, nimemwona leo. Lakini nataka kujua kitu kimoja. Mzee Luvanda, huyo mbuzi ni watoto walikuwekea?"

Alikuwa ananifungulia mlango. Yustina aligusa mguu wangu kwa kidole, ananiambia pita. Ningesema ndiyo ni wajukuu, yangeisha pale. Lakini nilikuwa nimeshadanganya mara mbili mbele ya marehemu, na nilikuwa nimechoka kujisikiliza.

"Nilimweka mwenyewe," nikasema. "Nilimtoa safari ya kwanza, nikamrudisha. Na simu zako nilikuwa naziona, Mzee Anyosisye. Zote saba. Nilidhani mnataka kuongeza vitu."

Yustina akafumba macho. Anyosisye, ambaye masikio yake hayasikii vizuri, hilo alilisikia.

"Ulikuwa unaona jina langu?" akauliza.

"Nilikuwa naliona."

"Unalitazama tu."

"Nalitazama."

Mwakalobo akasema, "Mbuzi ningemsamehe leo leo. Mbuzi ni upuuzi. Lakini mzee mwenzio alikuwa analia na simu mkononi." Akatikisa kichwa. "Tukishamaliza msiba mtaleta mtu mwingine. Neno la mwanangu halitapita kwako tena."

Tukarudi Iringa. Kutoka Mbeya mpaka Kihesa Kikoti alitazama dirishani bila kuambiwa.

Miezi ikapita. Niliogopa, sitaficha. Kila Yustina alipokuja nilisoma uso wake kwanza. Festo alikuwa na miaka thelathini na minane, na kama binti angekata tamaa ningekuwa mimi ndiye niliyemvunjia nyumba kabla hajaijenga, mtoto wa ndugu yangu ambaye niliapa kaburini kumsimamia. Nilifikiri kwenda mwenyewe kuomba radhi tena, Yustina akaniambia nitulie, nimeshasaidia vya kutosha. Familia ikakaa kuchagua mshenga mpya, na mngedhani wangempata mtu mzito. Walimchagua Kikoti. Kikoti, ambaye kwake ndiko nilikomsikia mbuzi kwa mara ya kwanza, na ambaye kazi yake yote ilikuwa kutazama dirishani. Alikuja kuniuliza inafanywaje. Nikamwambia sina mbinu ya kumfundisha, simu ikiita apokee.

Walikwenda. Mimi nilibaki Kihesa, nikapalilia bustani ambayo haikuwa na magugu. Walirudi siku ya pili yake na Yustina akapita kwangu kabla ya kwenda kwake, akakaa, akavua viatu, akanywa maji, akanitesa makusudi, halafu akasema wamekubali. Kikoti alipokea simu kumi na moja njiani. Waliongeza jembe, koti la babu, na mwavuli wa mjomba ambaye hakuna aliyewahi kumsikia. Alikubali vyote.

Huyo mbuzi mwenyewe siku hizi hayupo. Watu walimchoka ghafla kama walivyompenda ghafla, picha zake nyuma ya bajaji zimechujuka kwa mvua, mama wa nyanya amebadilisha aproni, na sasa naambiwa kuna kuku anayeimba, sitaki hata kujua. Ukiwauliza watoto wa hapa Kihesa habari za Mbuzi Bosi wanakutazama kama umeuliza habari za wakoloni. Ila kule Ilomba bado naitwa mzee wa mbuzi, na nadhani nitaitwa hivyo mpaka nizikwe. Simu yangu mimi inaita mlio wa kawaida. Watoto wakikaa kimya nawapigia mimi, ninawauliza wamekula nini, na ikiita kwangu naacha ninachofanya, hata kama ni yule mama wa kwenye mashine, namsikiliza mpaka amalize, halafu sibonyezi chochote.

Juzi jirani yangu wa upande wa pili, mtu mwema tu, mgeni hapa mtaani, alikuja na kijana wake anataka kuoa Kalenga, kasikia kwamba nina uzoefu wa posa. Nilikataa kabla hajamaliza sentensi. Sitabeba tena neno la mtu mpaka nife. Harusi ya Festo ni mwezi ujao, na niliogopa kuuliza kama nimo kwenye orodha, mpaka Kikoti alipoleta kadi yangu pamoja na ujumbe kutoka kwa Mzee Mwakalobo, ambao Kikoti aliukariri akiwa amesimama mlangoni na furaha yote ya mshenga mpya.

"Amesema mwambie aje, akae meza ya wazazi. Ila asiimbe."

Nitakwenda, na sitaimba.